Usijaze hizo alama, mdogo wangu

Usijaze. Umeandika kwamba mkuu wa shule amekupa mpaka Ijumaa uwe umejaza alama za wanafunzi 38 ambao hawakufanya majaribio, na mtaaluma, mwalimu anayesimamia masomo na mitihani hapo shuleni, anakutuliza kwamba huo ni utaratibu tu. Mwaka 2017 nami nilitulizwa hivyohivyo, kwenye shule moja ya kutwa huku Temeke.

Lilikuwa lile kundi lililoingia Kidato cha Kwanza Januari 2016, ada ya 20,000 ilipofutwa. Wazazi walifurahi, na walikuwa na haki ya kufurahi. Ila mkondo mmoja nilikuwa na watoto 112, wengine wamekaa watatu dawati moja. Nilisahihisha mpaka usiku wa manane, na karatasi nyingine sikuzimaliza. Wapo ambao siku ya jaribio hawakuja kabisa. Mkuu akanisimamisha koridoni, hakuandika popote: "Mwalimu, alama endelevu, hizi za majaribio ya darasani, ni asilimia 30 ya matokeo yao ya mwisho. Unataka kuwaangusha watoto wa maskini?" Nikaenda kukaa, nikajaza. Huyu 52, yule 58. Haikufika saa moja, darasa zima limefaulu Hisabati.

Muhula uliofuata alikuja mama mmoja anayeuza vitumbua soko la Tandika. Alikuja kunishukuru. Akafungua pindo la kanga, akatoa ripoti ya mwanawe imekunjwa mara nne, pembeni ina doa la mafuta. Hisabati 58, mwandiko wangu. "Mwalimu, nimemtoa tuisheni, maana naona sasa anaelewa. Hela ile nimemnunulia mdogo wake viatu." Kabatini nilikuwa na karatasi mbili za kijana huyo, moja ana 11, nyingine 9. Kujumlisha sehemu tu kulikuwa kunamshinda. Nilitakiwa nimwambie palepale. Nikamjibu, "Karibu tena, mama." Kidato cha Nne kijana akapata F ya Hisabati. Mpaka leo nikifika Tandika napitia upande wa pili wa soko.

Wathibiti ubora, yaani wakaguzi wa shule, walikuja baadaye, wakataka karatasi za majibu. Sina. Mkuu akasema mbele yangu kwamba hajawahi kuniagiza. Mtaaluma, aliyeniambia kila mtu anafanya, akainama anapekua shajara za masomo. Barua ya kujieleza niliiandika peke yangu. Wakuu wa namna hii wananichoma moyo! Wanataka wastani wa alama uonekane umepanda ili wasifiwe kwenye kikao, lakini darasani kwako hawajakanyaga tangu uripoti. Watakagua andalio la somo kama lina tarehe na saini; mtoto ameelewa nini, hakuna anayeuliza.

Kwa hiyo shika hili: alama isiyo na karatasi ya mtoto usiiandike, na agizo la mdomo lijibu kwa barua. Mistari minne inatosha. "Kufuatia maelekezo yako ya tarehe fulani kuhusu alama za wanafunzi 38, naomba uthibitisho wa maandishi." Tengeneza nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, ukae nayo nyumbani, siyo kwenye droo ya ofisini. Usimjibu kwa ukali na usibishane naye mbele ya walimu. Msalimie kama kawaida, mpe barua, toka. Wengi wao wakishaona muhuri hawalitaji tena jambo hilo.

Na wale 38 usiwaache hivihivi. Omba vipindi viwili vya mchana au Jumamosi asubuhi, watungie jaribio fupi la maswali matano, wasahihishie siku hiyohiyo. Atakayepata 9 mwandikie 9, kisha mwite mzazi wake umweleze kwa mdomo wako ni wapi mtoto amekwama.

Uliuliza pia kuhusu kuhamia Kigamboni na kurudi chuo. Hayo tutaongea Ijumaa ikishapita. Barua iandike leo usiku.