Usiepue mafuta mpaka sufuria inyamaze

Natengeneza na kuuza mafuta ya kupaka ngozi yanayotokana na shahamu, yaani mafuta ya mnyama kama ng'ombe au kondoo. Kopo la kwanza kurudishwa lililetwa na mama mmoja wa Tengeru. Hakugomba. Alilifungua, akanisogezea puani: "Mwanangu, hebu nusa." Mafuta yalikuwa yamechacha, na hayakuwa na hata mwezi. Nilimrudishia hela, kisha nikaanza kuwatafuta wote waliouziwa kutoka sufuria ile.

Kosa lilikuwa langu: niliepua mapema. Shahamu inapoyeyuka huwa ng'avu haraka, ukadhani imeiva, kumbe bado ina maji. Sasa nasikiliza. Sufuria ikiwa jikoni kwa moto mdogo inatatarika, na huo ni mlio wa maji yanayotoka. Mapovu yanakuwa makubwa, halafu madogo, halafu yanatulia, na mlio unakoma. Hapo ndipo naepua na kuchuja kwa kitambaa safi kilichokauka kabisa. Kopo nalo liwe kavu. Tone moja la maji linatosha kuleta ukungu, na ndiyo maana nawaambia wateja wasichote kwa vidole vilivyotoka kuoga.

Lakini kazi inaanzia machinjioni. Nataka mafuta ya figo, yale magumu yanayokatika kama nta, na siulizi bei kabla sijaona muhuri wa daktari wa mifugo kwenye nyama. Ya utumbo siyachukui hata nikipewa bure, harufu yake haitoki. Nyumbani naondoa kila uzi wa nyama na kila doa la damu kabla ya kubandika. Katika kilo tano, sehemu kubwa ya asubuhi inaishia kwenye kisu.

Kwa mnunuzi: angalia rangi. Ng'ombe aliyekula majani mabichi hutoa mafuta yenye umanjano kidogo, ila ya kondoo kwa kawaida ni meupe. Ukiuziwa "ya kondoo" na ni ya njano, uliza yamechanganywa na nini. Yakinukia manukato kupita kiasi, mimi nayaacha, kwa sababu manukato ndiyo yanayofunika harufu ya kuchacha. Vitamini E ni nzuri, inachelewesha kuchacha, lakini haiui vijidudu. Asikudanganye mtu kwamba ni kihifadhi. Na unayeuza, andika tarehe na jina la mnyama kwenye kopo. Hapa Tanzania vipodozi vimekuwa chini ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania, tangu 2019, nenda kawaulize taratibu zao kabla hujajaza duka.

Jambo linaloniumiza zaidi ni maneno tunayoyauza pamoja na mafuta. Eti yanatibu pumu ya ngozi, yanafuta makovu, yanazuia jua. Mafuta haya yanalainisha ngozi kavu na kuisaidia isipoteze maji. Kwangu hilo ni jambo kubwa, na linatosha.

Baba mmoja alikuja kwangu kutoka Babati na binti yake mwenye ualbino. Alitaka makopo mawili. Nilipomuuliza ni ya nini, akasema alishanunua mahali kwingine, akaambiwa ni kinga ya jua. Mtoto alikuwa amepakwa wiki mbili na kuachwa acheze nje. Mashavu yalikuwa yameungua, mdomo umepasuka. Sikumuuzia. Nilimweleza kuhusu Kilisun, losheni ya kuzuia jua inayotengenezwa hospitali ya KCMC, Moshi, mahsusi kwa watu wenye ualbino, nikamwandikia jina kwenye karatasi. Nikamvalisha mtoto kofia yangu, wakarudi stendi kutafuta basi la Moshi.