Laptop kuisha chaji ikiwa imelala, na hibernate isiyorudisha kazi

Mkuu, umeuliza kwa nini laptop yako ya Linux inaisha chaji ikiwa imelala, na kwa nini hibernate (kuzima mashine huku kazi zikihifadhiwa kwenye diski) hairudishi kazi. Hayo ni matatizo mawili. Kwanza umefunga kifuniko usiku ukiwa na chaji 80%, asubuhi unakuta 15% na chini kuna joto. Andika kwenye terminal (dirisha la kuandikia amri):

cat /sys/power/mem_sleep

Ikitoka [s2idle] deep, mabano yanaonyesha kinachotumika. s2idle ni usingizi wa mang'amung'amu, mashine haijalala kweli; deep ndio usingizi mzito. Jaribu kwanza bila kubadilisha chochote cha kudumu:

echo deep | sudo tee /sys/power/mem_sleep

Funga kifuniko, subiri, fungua. Ikiamka vizuri (mara nyingine skrini hubaki nyeusi, ndiyo maana nasema ujaribu kwanza), ongeza mem_sleep_default=deep ndani ya GRUB_CMDLINE_LINUX_DEFAULT kwenye /etc/default/grub (faili la mipangilio ya GRUB, programu inayowasha Linux), kisha sudo update-grub. Neno deep lisipoonekana kabisa, chungulia BIOS (mipangilio ya mashine yenyewe kabla Linux haijawaka). Baadhi ya ThinkPad zina kipengele cha Sleep State, pale unachagua Linux.

Hibernate ni habari nyingine. Yaliyomo kwenye RAM huandikwa kwenye swap (nafasi ya diski inayosaidia RAM), kwa hiyo angalia swapon --show: RAM ya GB 8 na swap ya GB 2, usitegemee sana. Kama swap inatosha na bado mashine inawaka upya tupu, karibu hakika kernel (kiini cha Linux) haijaambiwa isome wapi. Weka resume=UUID=... (UUID ni namba ya utambulisho) ya patisheni ya swap hapo hapo kwenye GRUB. Kama swap ni faili na si patisheni, itahitaji pia resume_offset (mahali faili linapoanzia kwenye diski). Na Secure Boot (ulinzi wa BIOS unaoruhusu programu zilizosainiwa tu kuwasha mashine) ikiwa imewashwa, kernel ya Ubuntu huikataa hibernate.

Tuwekee hapa matokeo ya hizo amri mbili za kuangalia, ile ya cat na swapon --show.