Ramadhani tunaweza, miezi mingine tunashindwa na nini?

Mhariri, assalaam alaykum.

Swali lenu la wiki lilikuwa hili: "Je, shamba dogo lisilotiwa mbolea ya dukani wala dawa ya sumu linaweza kuilisha nyumba, au hiyo ni starehe ya wenye mishahara?" Najibu nikiwa naishi ndani ya shamba la namna hiyo, huku Dole, Unguja. Linaweza. Kinachotushinda wengi wetu si wadudu wala rutuba, ni wali.

Mzanzibari akila mhogo mchana, ukimuuliza amekula nini atakwambia bado hajala, amebabaisha kwa mhogo tu. Mgeni akija ukampikia majimbi ya nazi na samaki wa kukaanga atakushukuru kwa adabu zote, lakini akirudi kwao atasema kwa fulani siku hizi hali si nzuri. Basi nyumba yenye ndizi, viazi vikuu na shelisheli uani inatuma mtoto dukani kununua mchele uliovuka bahari, kisha wakubwa wanakaa barazani kulalamika kwamba shamba halilipi.

Ukiandama mwezi wa Ramadhani, mambo yanageuka. Watu walewale wanagombania mihogo sokoni Mwanakwerekwe, mkungu wa ndizi za mkono wa tembo unatajiwa bei ya kukushikisha kichwa, na futari isiyo na majimbi inaonekana imepungua. Mji mzima unakula mhogo, kiazi, ndizi, jimbi, shelisheli, mbaazi na tui, yaani chakula kilekile cha shamba dogo la miti mchanganyiko, na sijamsikia mtu akisema amefuturu umaskini. Tukiyaweza hayo siku 29 au 30 mfululizo, basi shamba halina kesi kubwa ya kujibu.

Letu ni kipande cha zile eka tatu walizogaiwa watu baada ya Mapinduzi ya 1964. Alipewa baba mkwe. Leo limegawika kwa warithi, na sehemu yetu ni kama eka moja. Juu ni minazi. Chini yake miembe, mfenesi, mishelisheli, michungwa na midalasini, kisha migomba na mipapai, na chini kabisa mihogo, kunde, matembele na manjano. Mikarafuu ni ya kuhesabu. Kimbunga cha Aprili 1872 kiliiangusha mikarafuu ya Unguja na Pemba ikanusurika kwa sehemu kubwa, ndiyo maana mpaka leo karafuu ni ya Wapemba na sisi huku tukabaki na mchanganyiko. Watalii wanaopelekwa mashamba ya viungo ya Kizimbani na Kidichi hulipa kiingilio ili kuutazama mpangilio huuhuu, na tukiwaona tunacheka kidogo.

Mwenye kutaka shamba limlishe mwaka mzima lazima aishi kwa kalenda mbili. Ya kwanza ni ya mvua: masika kuanzia Machi hadi Mei, vuli Oktoba hadi Desemba. Ya pili ni ya mwezi mwandamo, kwa sababu Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka na wala haiujali msimu. Mhogo unataka miezi tisa hadi kumi na miwili. Kwa hiyo anayetaka kula na kuuza mhogo Ramadhani hahesabu kwenda mbele, anahesabu kurudi nyuma mpaka aifikie mvua iliyo karibu. Uzuri ni kwamba mhogo hauna haraka. Ukishakomaa unauacha ardhini, unachimba shina mojamoja kadiri ya sufuria.

Maradhi yake makubwa ni batobato na michirizi ya kahawia. Haya ni ya virusi, hakuna dawa ya kupuliza inayoyatibu, kwa hiyo mwenye bomba la dawa mgongoni na asiye nalo wako sawa. Tofauti ni mbegu. Kituo cha utafiti cha Kizimbani, jirani zetu, kilitoa mbegu zinazostahimili, nazo zikapewa majina ya kwetu: Kizimbani, Mahonda, Machui. Chukua vijiti kwa mtu ambaye shamba lake umelikagua kwa macho, chimba shina moja ukate mhogo wake uone kama ndani una madoa ya kahawia. Majani yanaweza kukudanganya, mhogo ukishakatwa haudanganyi.

Na majani ni mlo vilevile. Kwenye kona ya nyumba tumepanda mpira, ule mhogo mti, kwa ajili ya kisamvu tu. Unachuma majani machanga, unatoa vikonyo, unaosha, unatwanga kwenye kinu pamoja na saumu mpaka yalainike kabisa. Kutwanga si urembo. Majani ya mhogo yana sumu ya sianidi, na kuyaponda kisha kuyachemsha ndiko kunakoitoa. Kwa sababu hiyo chungu hakifunikwi. Mwanzo utasikia harufu kali ya ubichi. Ikishaisha, na majani yakaanza kuwa ya kijani kizito, unatia kunde ulizochemsha pembeni, kitunguu na tui la pili, unaacha vichemke taratibu hadi maji yapungue. Tui la kwanza, lile zito, linaingia mwisho, na hapo mkono hautoki kwenye mwiko, maana ukiliacha litakatika na mafuta yatajitenga. Kama kuna ng'onda, yaani samaki mkavu, unamloweka, unamchambua miiba na kumtia pamoja na kunde. Pilipili mbuzi unaiweka nzima juu, bila kuipasua. Vile vidonge vya mchuzi vya dukani havina kazi hapa; anayetia kidonge kwenye kisamvu cha nazi hajiamini.

Tazama kilichobaki jikoni baada ya hapo. Chicha ya nazi wanapewa kuku. Vifuu na makumbi vinaingia motoni. Majivu yanakwenda kwenye mashina ya migomba, mavi ya kuku kwenye shimo la mboji pamoja na maganda ya mihogo na majani ya mti wa gliricidia. Watu huja kuniuliza mbolea natoa wapi, nami nawaonyesha jiko. Nyumba inayokula mchele na makopo haina cha kurudisha shambani ila mifuko.

Lakini lipo jambo ambalo wanaume wanaozungumzia kilimo hai huliruka. Kisamvu nilichokieleza kinakula asubuhi nzima. Kuna kuchuma, kutwanga, kukaa kwenye mbuzi kukuna nazi, kuchuja kwa kifumbu mara mbili, na kuchochea kuni. Wali unainjikwa, unaupalia makaa juu, unakwenda zako. Nyumba yenye mpishi mmoja na walaji wanane itarudi kwenye wali hata shamba likifurika, na haitarudi kwa sababu ya fahari bali kwa sababu mama amechoka. Kwetu mume wangu ndiye anayekuna nazi. Jirani zetu walilisema sana jambo hilo, sasa wamelizoea. Kwa maoni yangu, mradi wowote wa kilimo cha asili unaofundisha mboji bila kuuliza nani atakuna nazi umefundisha nusu.

Sasa wadudu, maana najua wasomaji wenu wengi watasema hapo ndipo tunapodanganya. Wapo, tena wengi. Minazi ina kunguni wake, anayefyonza vidaka vikadondoka, au nazi ikakua imepinda, ina gundi na makovu. Jina lake la kisayansi ni *Pseudotheraptus wayi*, na hilo la pili limetokana na M. J. Way, mtafiti aliyemchunguza hapahapa Unguja miaka ya 1950. Adui yake kunguni huyo ni chungu, mdudu jamii ya sisimizi, tunayemwita maji moto, na kila aliyekwea mwembe utotoni anajua kwa nini anaitwa hivyo. Maji moto hawachimbi ardhi. Wanashika majani mabichi kwa meno, wanayavuta pamoja kwa mnyororo wa miili yao, kisha wanaleta watoto wao wachanga, ambao hutoa uzi, na kwa uzi huo wanayashona majani yakawa nyumba. Mnazi wenye maji moto wengi kunguni hana nafasi.

Kazi ya mkulima ni kuwarahisishia. Wanapenda kujenga kwenye michungwa, miembe na mikarafuu, ndiyo faida mojawapo ya kuchanganya miti. Sisi tunafunga kamba ya usumba kutoka mchungwa hadi mnazi, wanapita juu bila kushuka chini. Chini wana maadui: chungu wadogo wa ardhini wenye vichwa vikubwa, ambao huwafukuza. Ardhi ikifagiliwa ikawa tupu, hao wa chini wanapanda minazini kutafuta riziki na vita inaanza. Nyasi zikiachwa kiasi, kila mmoja anakaa kwake. Kwa hiyo chini ya minazi yetu hatuparuzi, tunafyeka tu, na wapita njia husema shamba la fulani limeota pori. Anayeteseka kweli ni mkwezi. Kabla ya kupanda hujipaka majivu mikononi na miguuni, na akishuka analalamika, na nazi zake za malipo anazitaka kubwa. Anastahili.

Chungu haohao wanasaidia kwenye miembe. Yule nzi wa matunda aliyegunduliwa Kenya mwaka 2003 na kuenea Afrika nzima ametuharibia maembe vibaya, na watafiti huko Benin walikuta miembe yenye maji moto inapata madhara machache zaidi. Nasi tunaongeza kazi ya watoto: kila embe lililoanguka linaokotwa siku hiyohiyo, linatiwa ndani ya mfuko, mfuko unafungwa na kuwekwa juani mpaka funza wafe. Embe bovu likiachwa chini, ni kiwanda cha nzi. Chonga wa minazi, yule mdudu mwenye pembe, yeye tunamtoa kwa waya wenye ndoana, na magogo ya minazi yaliyooza tunayapasua na kuyachoma, kwani huko ndiko anakozaliana.

Mazao mengine tumeyaachia wenyewe. Kabichi inataka baridi ya Lushoto. Hoho na nyanya kubwa huku kwetu joto na unyevu unaziozesha, na anayezilazimisha ataishia duka la pembejeo hata akiapa. Hoteli za Nungwi na Paje zinataka saladi, basi na wajue inakotoka. Sisi uchachu wa mchuzi tunautafuta kwenye ukwaju, ndimu, embe bichi na mbirimbi, na samaki wa ukwaju alikuwepo zamani kabla ya nyanya za kopo. Mboga za majani ni matembele, mchicha, mchunga kwa wanaopenda uchungu, na kisamvu. Kokwa za fenesi tunazichemsha kwa chumvi. Mji mzima unazitupa.

Alama ya Kilimohai, ya kuthibitisha mazao ya kilimo hai, ipo, na kiwango cha kilimo hai cha Afrika Mashariki kilipitishwa mwaka 2007. Anayeuza viungo nje au hotelini aitafute, itamfaa. Kwa kinacholiwa na nyumba yake mwenyewe, haina kazi.

Kuhusu mshahara, mmeuliza vizuri. Mnazi mrefu wa kienyeji unachukua miaka sita au zaidi kabla ya kuzaa sawasawa, na mfenesi nao hauharakishwi. Mimi niliolewa nikaikuta minazi inazaa. Anayeanza na kiwanja kitupu atahitaji pesa ya pembeni kwa miaka hiyo, na simlaumu akisema hii ni starehe. Akitaka kuanza, aanze na migomba, mipapai, mihogo na kunde wakati wa mvua, miti mikubwa akiipanda katikati yake, na amwombe jirani chipukizi la mizizi la mshelisheli, maana ule wetu hauna mbegu. Shelisheli lililochomwa makaani mpaka ganda likawa jeusi, likamenywa moto na kuliwa kwa tui na samaki, linamshibisha mtu mzima mpaka usiku.

Na sisi tunanunua. Samaki, chumvi, sukari, unga wa ngano, na mchele wa Ijumaa na wa wageni, kwa sababu vita na wageni sijaishinda. Ada za skuli na nauli zinatoka kwenye nazi, ndizi na mdalasini, na Ramadhani ikiingia, kwenye mihogo.

Kwa wanaotaka kupanga mapema: mwaka 2030 tutafunga mara mbili, mwanzoni mwa Januari na tena mwishoni mwa Desemba. Mihogo ya ile ya kwanza ipandwe masika ya 2029, na ya pili masika ya 2030 yenyewe, mvua za mwanzo kabisa. Majimbi ya kuuza wakati huo nimeshaanza kutafuta bonde la kukodi, maana kwetu ni mlimani na hayatoshi.

Msomaji wenu, Dole, Unguja