Barua kwa Mwanangu: Jibu Ulilompa Baba Mkwe Wako

Mwanangu mpenzi,

Barua yako ilinifikia Jumapili, nami nimeisoma mara tatu. Unasema kwamba tangu daktari athibitishe kuwa baba mkwe wako ana ugonjwa wa Alzheimer, ule unaokula kumbukumbu, kila jioni huuliza mkewe amekwenda wapi, ilhali marehemu tulimzika sote miaka minne iliyopita. Kwamba juzi ulichoka ukamjibu kuwa amekwenda sokoni. Na kwamba tangu siku hiyo hulali vizuri, unataka nikuambie kama umetenda dhambi kwa kumdanganya mzee. Nitakujibu, lakini kwanza nikueleze habari ya mtu aliyesema kweli, kwa sababu mtu huyo ni mimi.

Unakikumbuka kibaraza cha Pangani alipokuwa akikaa bibi yako na ukili wake wa kusukia mikeka. Wakati ule ulikuwa shule ya bweni, kwa hiyo uliyaona ya likizo tu. Ya kila jioni tuliyaona mimi na shangazi yako. Jua likianza kushuka alianza kuhangaika, akikusanya chane zake na kuzitawanya tena, akiuliza kama pantoni la mwisho limeshavuka, kwa maana babu yako alikuwa akifanya kazi kwenye mkonge ng'ambo ya mto na hurudi na pantoni hilo. Babu yako alifariki mwaka 1991. Nami, niliyewafundisha watoto wa watu kwa zaidi ya miaka 30 kwamba kweli haina mbadala, niliketi mbele yake nikamwambia kwa upole wote niliokuwa nao: "Mama, baba alishafariki."

Alipiga yowe lililowaleta majirani. Kisha alivua bangili zake, moja baada ya nyingine, akazipanga juu ya mkeka, akataka aletewe nguo za eda. Aliponigeukia aliniuliza swali ambalo mpaka leo nalisikia: "Mbona hamkuniita nikamuage?" Kesho yake jioni akauliza tena habari ya pantoni, nami nikamwambia tena. Nilifanya hivyo jioni nne mfululizo, nikiamini kwamba atazoea. Mwanangu, nilimfanya mama yangu mjane mara nne katika juma moja.

Asubuhi zake alikuwa hakumbuki hata neno moja la usiku, lakini alikataa uji, akawa anafuta machozi ambayo mwenyewe hakujua yametoka wapi. Baadaye daktari alinieleza jambo ambalo nataka nawe ulijue: ugonjwa huu kwa kawaida huanza kushambulia sehemu ya ubongo inayohifadhi mambo mapya, ndiyo maana ya leo hupotea na ya ujana hubaki muda mrefu, lakini hisia haifutiki pamoja na tukio lililoizaa. Mgonjwa husahau alichoambiwa, akabaki na uchungu wa kuambiwa.

Jioni ya tano shangazi yako alinitangulia kibarazani. Aliketi karibu na mama, akaishika ncha ya ukili, na mama alipouliza habari ya pantoni, akamwambia, "Akivuka leo, mama, umempikia nini?" Bibi yako akaanza kueleza changu wa nazi, na jinsi ambavyo mwaka waliooana babu yako aliirudisha sahani kwa sababu mchuzi haukutiwa ndimu, na vidole vyake vikawa vinasuka bila yeye kuvitazama, chane juu, chane chini, hata adhana ya Isha ikamkuta ametulia. Nilisimama mlangoni nikaona haya. Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema, na shangazi yako amechoka kunisikia, kwamba mzee wa namna hii hujibiwa uso kwanza, maneno baadaye.

Najua utaniambia kwamba shangazi yako hakusema uongo, aliuliza tu, ilhali wewe umesema amekwenda sokoni. Nami nimelifikiria hilo usiku kucha. Huenda tofauti ni ya maneno matupu, kwa sababu swali la shangazi yako nalo lilimwacha mama aamini kwamba mumewe yu hai. Huenda pia si ya maneno matupu, kwa sababu anayesema "amekwenda sokoni" humwacha mzee akikodolea mlango, na anayeuliza huwa ameketi naye. Lakini tena iko jioni moja ambapo mama alinikazia macho akasema, "Baba yako amekufa, si ndiyo? Niambie." Uso wake siku hiyo ulikuwa unaitaka kweli. Nikamwambia ndiyo, tukalia pamoja, na sidhani kwamba nilikosea. Kwa hiyo siwezi kukuambia kwamba kweli ifichwe siku zote.

Jambo moja silifanyii mjadala. Ukiona amebadilika kwa siku moja au mbili tu, akawa mkali, akaweweseka, akaona watu wasiokuwapo, usiseme ugonjwa umekua, wala usikubali waseme ni jini. Bibi yako alipofika hapo ndugu walitaka aandikiwe kombe, aya zinazoandikwa kwenye sahani zikaoshwa mgonjwa akanywa. Vipimo vilionyesha maambukizi ya njia ya mkojo, na baada ya dawa alirudi katika hali yake ya awali. Maambukizi, malaria, hata upungufu wa maji mwilini, huivuruga akili ya mzee ghafla. Wala usidhani kwamba nyumba yenu imelengwa na watu: watafiti waliopita nyumba kwa nyumba vijijini wilayani Hai, Kilimanjaro, walikuta ugonjwa wa kusahau kwa takriban wazee 6 katika kila 100 wenye miaka 70 na kuendelea.

Mumeo naye ashike zamu. Ni baba yake, na hakuna mahali palipoandikwa kwamba mkwe wa kike ndiye wa kuyabeba yote peke yake. Umeniandikia kwamba ulichoka, ukalipita neno hilo haraka kama lisilo na uzito. Mimi naona ndilo lililojibu jioni ile.

Unataka hukumu. Neno ninalo, na kalamu nimeizuia mara mbili nisiliandike, kwa kuwa dhambi na thawabu si zangu kuzigawa. Mwulize imamu wenu, na unapomweleza jioni yako moja, mweleze na zangu nne.

Baba mkwe wako alikuwa fundi cherehani. Kesho washa taa kabla ya Magharibi, giza lisimkute akihangaika, umpe kipande cha kitambaa akipime kwa shubiri kama zamani, na akikuuliza mkewe yuko wapi, mwulize gauni la kwanza alilomshonea lilikuwa la rangi gani. Kisha niandikie alivyokujibu.

Ni mimi baba yako.