Pikapu za Squier: anza na bisibisi kabla ya pochi

Ndugu, umeuliza kama ubadilishe pikapu (vifaa vya sumaku vinavyogeuza mtetemo wa nyuzi kuwa mawimbi ya umeme) zilizokuja na gitaa lako la umeme, Squier Stratocaster, maana sauti ni nyembamba na inavuma ukiongeza volyumu. Ushauri wangu: usinunue kitu kwanza.

Pikapu ya koili moja (waya uliozungushwa kwenye sumaku), kama zako, hudaka mvumo wa umeme hata ikiwa ya bei ghali. Kama mvumo ndio unaokukera, kununua nyingine za aina hiyohiyo ni kupoteza hela. Unahitaji hambaka, ambayo koili zake mbili hufutiana mvumo.

Wembamba wa sauti ni jambo jingine, na hapa watu wengi hukimbilia dukani bure. Bonyeza uzi mnene kabisa kwenye freti (kipande cha chuma kwenye shingo ya gitaa) ya mwisho, kisha pima nafasi kati ya uzi na ncha ya pikapu. Anzia kama milimita 2, upande wa uzi mwembamba punguza kidogo. Geuza skrubu za pembeni, zinazoinua au kushusha pikapu, nusu mzunguko, piga, sikiliza, rudia. Usikaribishe mno: sumaku itavuta nyuzi na noti zitayumba, hasa kwenye pikapu ya shingoni. Funga nyuzi mpya pia, halafu jaribu amplifaya ya mwenzako.

Ukiona bado hairidhishi, badilisha pikapu ya karibu na briji (sehemu inayoshikilia nyuzi kwenye mwili wa gitaa) pekee. Hiyo ndiyo hukwaruza masikio zaidi. Ukiweka hambaka, mwambie fundi kwamba vidhibiti vya volyumu vya koili moja kwa kawaida huwa na ukinzani wa kiloomu 250, na hambaka hupenda 500.