Nailoni nyeupe ya gari jipya: ibandue mapema, na wembe uwe mbali

Kila nikipita Uyole nikaona pikapu mpya ambayo bado imevaa nailoni nyeupe kwenye boneti, moyo unaniuma. Na mimi nilifanya hivyo hivyo. Nilinunua pikapu zero kilomita ya kubebea viazi na parachichi kutoka Rungwe, nikaamini ile nailoni ni kinga: nikiiacha, matawi ya shambani na vumbi havitagusa rangi. Nikaiacha miezi minane.

Kinga ni kweli, ila ni kinga ya safari. Kiwandani wanaibandika ili rangi isichubuke gari likipakiwa melini, lisipigwe chumvi ya bahari, lisiharibike likikaa bandarini kusubiri kutolewa. Mengine hayabandikwi nailoni, yanapakwa nta inayonata. Gari likishafika kwa mwenyewe, kazi ya vitu hivyo imekwisha.

Huku kwetu kuchelewa kunaumiza zaidi. Mbeya mjini tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Baridi inatudanganya, lakini mionzi mikali ya jua huongezeka kwa takriban asilimia 10 kila ukipanda mita 1,000, na ndiyo inayokausha plastiki na kuigandisha gundi. Mvua ya Rungwe nayo hupenya kwenye kingo zilizoinuka na kuingiza udongo laini. Gari likitikisika barabarani, ule udongo unasaga rangi kama msasa, na wewe huoni kitu kwa sababu nailoni imeufunika.

Nilianza kubandua mwezi wa saba, asubuhi, baridi kali. Nailoni ikawa inakatika vipande vidogo kama ganda la yai, gundi yote ikabaki kwenye bodi. Fundi mmoja akaja na wembe na petroli. Kabla sijamzuia, mlango wa kushoto ulishachorwa mistari, na plastiki nyeusi ya pembeni ikapauka.

Mzee mmoja mwenye gereji jirani alitukuta hapo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, halafu akasema, “Mwanangu, weka huo wembe chini. Ipashe moto kwanza.”

Yule mzee ndiye aliyeokoa upande uliobaki. Rangi yote ya kiwandani, kuanzia ya chini kabisa hadi ule ung'avu wa juu, kwa kawaida ina unene wa milimita 0.1 hadi 0.15, yaani karatasi moja ya daftari au moja na nusu. Wembe hauna pa kukosea hapo.

Osha gari kwanza kwa maji mengi, vumbi lote litoke. Subiri mchana, bodi ipate uvuguvugu. Kisha chukua draya ya nywele (mimi niliazima kwa dada wa saluni Mwanjelwa), ishike mbali kama shubiri moja, na usiiache isimame sehemu moja. Kipimo ni mgongo wa mkono: ukishindwa kuuweka pale, umezidisha. Inua kona kwa kucha au kadi ya plastiki, kisha vuta nailoni ukiilaza kuirudisha nyuma, polepole. Ukiivuta kwenda juu inakatika, na gundi inabaki.

Gundi inayobaki, ilowanishe kwa kitambaa laini chenye spiriti ya duka la dawa au mafuta ya taa. Iache dakika mbili tatu ilegee, halafu futa bila kukandamiza, na urudie. Hii sasa ifanye kivulini, bodi ikiwa imepoa, injini imezimwa, na pasiwe na sigara wala jiko karibu. Jaribu kwanza ndani ya kifuniko cha tangi la mafuta. Epuka mipira ya madirisha. Nta ya safari nayo hulegea kwa mafuta ya taa, kisha maji ya vuguvugu. Mwishoni osha kwa sabuni mara mbili, maana mafuta ya taa yakibaki yanakamata vumbi.

Tina usiiguse kabisa. Fundi rangi anaitumia kuyeyushia rangi, sasa wewe unaipeleka wapi kwenye rangi yako?

Na kama gari limewahi kupigwa rangi upya mtaani, ongeza uangalifu mara mbili. Rangi ya kiwandani huokwa kwenye joto la karibu nyuzi 140. Ya gereji nyingi hukauka kwa hewa tu, kwa hiyo ni laini na hata spiriti inaweza kuifubaza. Hapo tumia maji ya vuguvugu, sabuni na muda.

Boneti yangu ilichukua alasiri mbili. Pale ukingo wa nailoni ulipokuwa pamebaki mstari, kwa sababu rangi ya nje ilipigwa jua na ya ndani haikupigwa. Nimeupunguza kwa polishi ya mkono, lakini jua la jioni likilala upande wa Mbalizi bado unauona.