Maswali ya wasomaji: Beaujolais mezani

Niliandika juu ya Beaujolais, mvinyo mwekundu mwepesi wa Ufaransa, na barua zikaja. Nimechagua hizi tano.

Hotelini nililetewa mvinyo mwekundu wa baridi, nikaurudisha. Nilikosea? (Msomaji, Arusha)

Kama ulikuwa Beaujolais, ulikosea, na mhudumu yule anadai radhi. Kanuni ya kunywa mwekundu kwa "joto la chumba" ilitungwa na watu wa nyumba za mawe zenye baridi, si sisi ambao chumba kinafika nyuzi 30. Huu unapendeza kwenye nyuzi 12 hadi 14. Ukishapata joto, pombe inapanda puani na harufu ya tunda inapotea. Uweke kwenye friji saa moja na nusu hivi; ukiwa na haraka, ndoo ya barafu na maji itamaliza kazi kwa kama robo saa.

Mbona ni mwepesi hivyo? Wanatia maji? (Msomaji, Nairobi)

Hawatii. Kwanza ni zabibu yenyewe, Gamay, ambayo haina tanini nyingi. Tanini ndiyo ule ukakasi unaokausha ulimi, kama chai ya rangi iliyosahauliwa kwenye birika. Pili ni namna ya kuchachusha. Vichala huingia tangini vizima, bila kusagwa. Zabibu za chini hupondeka kwa uzito wa zile za juu, huanza kuchacha na kutoa hewa ya kaboni dioksidi. Hewa hiyo ikijaa tangi, zabibu za juu huchacha kwa ndani, ganda likiwa bado zima. Rangi na harufu hupatikana, lakini ukakasi hautoki mwingi. Ndiyo sababu utanusa cheri, stroberi, na wakati mwingine ndizi mbivu kabisa.

Gamay imewahi kupata misukosuko. Mwaka 1395 Philippe le Hardi, mtawala wa Burgundy huko Ufaransa, aliamuru Gamay ing'olewe katika ardhi yake, akiiona zabibu mbaya. Ikastawi kusini zaidi, kwenye vilima vya graniti kaskazini mwa mji wa Lyon, na hapo ndipo ilipo hadi leo.

Ule wa Novemba una tofauti gani? (Msomaji, Kigali)

Beaujolais Nouveau hutoka Alhamisi ya tatu ya Novemba, wiki chache tu baada ya mavuno. Unywe mapema, usiuwekee matumaini makubwa. Ukitaka wenye uzito, tafuta chupa yenye jina la mojawapo ya maeneo kumi bora: Fleurie ni laini, Morgon na Moulin-à-Vent hukomaa miaka kadhaa.

Naambiwa hunywewa pamoja na nyama ya nguruwe. Mimi sili. Nifanyeje? (Msomaji, Mombasa)

Ni kweli, kwenye migahawa ya Lyon iitwayo bouchon utaona soseji kavu karibu kila meza, na mvinyo ukimiminwa kutoka chupa nene kitakoni ya sentilita 46. Lakini Lyon hiyohiyo inapika maini ya kuku, na jirani yake ni Bresse, kwenye kuku weupe wa miguu ya buluu wanaosifiwa Ufaransa nzima. Kuku wa kuokwa, ngozi ikiwa imekauka na mafuta yakitiririka, ndiye rafiki mkubwa wa Gamay, kwa sababu uchachu wake husafisha mafuta kinywani. Nakupa pia Saint-Marcellin, jibini laini ya huko, na mkate. Pilipili haigombani nao sana ukiwa wa baridi. Mvinyo mzito wenye tanini ndio unaozidisha moto. Samaki wa kuchoma sawa. Wa kupaka, wenye tui la nazi, mimi ningefungua mweupe.

Chupa ikibaki nusu? (Msomaji, Dar es Salaam)

Rudisha kizibo, weka kwenye friji, umalize ndani ya siku mbili tatu. Ikipita hapo, mimina sufuriani na kuku, vitunguu na uyoga, ufunike, uache moto mdogo.